Kabla hujaisambaza hiyo video, nisikilize na mimi

Naona ile video ya mimi na pawatila, kitrekta cha magurudumu mawili unachokiongoza kwa mikono ukitembea nyuma yake, imeshavuka Makambako. Shemeji yangu wa Songea kanitumia usiku wa manane, hana hata salamu, vicheko vitupu. Aliyeirusha ni fundi wetu wa dukani, na kaikata mwanzo wote, pale nilipokuwa nazungumza vizuri. Halafu kaandika eti nilimwita mama yangu. Sikumwita mama. Nilisema "Ama!" Tuendelee.

Kwa wageni: duka letu la Igurusi alilianzisha babu kwa majembe, minyororo ya ng'ombe na plau za UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam. Baba akaongeza spea za Massey Ferguson, na moyo wake ukabaki hapo hapo. Mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, ule wa 2009, ulipozitapanya pawatila wilayani, alisema hivyo ni vitoto vya trekta vilivyoachishwa ziwa mapema. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania tuziuze. Majaruba ya mpunga ya wilaya yetu ya Mbarali mengi ni madogo, na trekta kubwa likizama kwenye tope la mpunga, mwenyewe anaanza kutafuta watu wa kumpa pole.

Basi jana tukaita kikundi cha akina mama wakulima kwenye shamba darasa. Turubai, viti, sufuria la wali la shangazi. Babu kakaa mbele na fimbo yake. Mimi raba nyeupe. (Msiniulize. Nilitaka picha zitoke vizuri.) Nikatamka, na hili fundi kalikata makusudi: "Mama zangu, mashine hii hata mtoto wa darasa la nne anaiendesha."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo aibu yenyewe ilipo. Pawatila haina usukani. Ina klachi mbili ndogo, moja kila mkono. Ukiminya ya kulia, gurudumu la kulia linakatiwa nguvu, la kushoto linaendelea kusukuma, mashine inakata kulia. Hiyo ni kwenye tambarare. Kwenye mteremko, gurudumu ulilolikatia nguvu ndilo linalotimua mbio, kwa sababu injini hailishikilii tena. Unaminya kulia, inakwenda kushoto. Mambo haya nawafundisha wateja kila siku. Nimeyabandika ukutani dukani, kwa wino mwekundu.

Nikapanda tuta kwa madaha. Nikaanza kushuka. Kulia kwangu majaruba, kushoto turubai, na nyuma ya turubai mfereji wa skimu ya umwagiliaji umejaa hadi ukingoni. Nikaminya kulia.

Ikaenda kushoto.

Mtu mwenye akili angeachia. Mimi nikaminya zaidi. Ikazidi kushoto, na kasi juu. Nikamwona shangazi akilitazama sufuria, akinitazama mimi, akalichagua sufuria. Akalikumbatia na moto wake, akaondoka nalo. Akina mama wakatawanyika na viti vimewaganda makalioni. Gurudumu la chuma likanasa kamba ya turubai, turubai nalo likasema twende wote. Babu hakuhama. Alivuta fimbo tu isikanyagwe, akanisindikiza kwa macho nikipita, mbio, nimeshikilia mikono ya mashine kana kwamba mashine ndiyo iliyoniajiri. Klachi kubwa, ile ya kusimamisha kila kitu, ilikuwa hapo hapo mbele ya pua yangu, nyekundu. Nilikuwa naiona kabisa.

Kilichofuata ni maji. Pawatila ikakohoa, ikazima. Mimi nimesimama kwenye mfereji, maji kifuani, turubai kichwani, bado nimeminya kulia.

Kimya. Kisha babu: "Bwana mdogo, huyo mtoto wa darasa la nne yuko wapi aje akusaidie?"

Mengine ni ya haraka. Baba alileta trekta lake kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo hata siku ya harusi yangu, lakini tuta lilianza kumeguka, akarudi nyuma kimya kimya. Mashine ikatolewa na ng'ombe wa jirani, kwa mnyororo wa plau ambao babu alimuuzia yeye mwenyewe. Babu kaisimulia hiyo sehemu tangu jana bila kupumzika, hata muuza vocha ameshaijua. Tumemwaga oili, tumesafisha chujio la hewa, tumekausha, jioni ikawaka. Raba zimekufa.

Wakati nakamua fulana, mama mmoja wa kikundi akanifuata. "Mwanangu, kwa hiyo nikiwa nashuka, nikitaka kwenda kulia naminya ya kushoto?"

"Ndiyo, mama. Au usiguse kabisa hizo ndogo, shuka taratibu, gia namba moja."

"Nimeelewa. Naitaka."

Nikakimbilia kitabu cha risiti, maji yananichuruzika. Nikamwambia ipo mpya dukani, bado haijafunguliwa. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye ile ya mfereji.

"Hiyo. Imeshaoga. Mtumba huo mwanangu, tuongee bei."

Baba kasema nisipunguze hata shilingi. Babu kasema nipunguze. Yule mama mteja kakaa dukani tangu saa mbili asubuhi, kaagiza chai kwa gharama zetu, na simuoni akiondoka.