Mama Mkwe na Jini la Røros

Mama mkwe wangu alikuja Norwei katikati ya Januari kumkanda mke wangu aliyejifungua, na salamu yetu ya kwanza ilitoa cheche.

Sitii chumvi. Kituo cha treni tulisalimiana na glavu, mambo yakapita salama. Balaa lilianzia nyumbani. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa, na mama mkwe huamkiwa kwa kuinama. Nikatoka jikoni na soksi zangu za sufu nikiburuta miguu juu ya zulia, nikainama, "Shikamoo mama," nikanyoosha mkono. Ta! Mwanga wa buluu ukaruka kutoka kidoleni mwangu hadi kwenye pete yake ya fedha. Marahaba sikuipata. Nilichopata ni "Audhubillahi!" na jicho ambalo mkwe hatazamwi nalo.

Niseme kidogo kuhusu Røros. Ni mji wa nyumba za mbao ulio juu milimani, mji wa wachimba shaba tangu karne ya 17, na UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 1980. Baridi yake mwaka 1914 ilifika nyuzi 50 chini ya sifuri, na wenyeji wanakutajia rekodi hiyo kwa fahari, ungedhani wameileta wao. Tulikuwa kwenye nyuzi 20 tu chini ya sifuri, kwa hiyo majirani walikuwa wakisifu hali ya hewa.

Ndani tuna jiko la chuma la kuni. Kwa sababu ya mzazi na mtoto halikuzimwa usiku wala mchana, na nyumba ikawa na joto la kutosha kukausha dagaa. Mama alifurahi siku mbili tatu, kisha mwili ukaanza kumgeuka. Midomo ikapasuka. Pua ikatoa damu. Miguu, ambayo Pangani aliitunza kwa jiwe la kusugulia na mafuta ya nazi, ikafanya magaga ya kukwangua shuka. Na alichokistaajabia kuliko vyote ni chumvi. Pangani chumvi hulowa kwenye kikopo hata ukitia punje za mchele. Hapa ilikuwa inamwagika laini, punje moja moja.

"Nyumba hii inanyonya watu," alimwambia binti yake, akidhani nimelala.

Cheche nazo hazikukoma. Akigusa kitasa, ta! Akivua sweta gizani, mwanga. Usiku mbao za sakafu zikialika, naye anakaa kitandani anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kutusikilizisha. Mimi nilishagundua dawa: ukigusa chuma kwa ufunguo kabla ya kumgusa mtu, cheche inaishia pale. Basi kila asubuhi nikawa natoka chumbani, nagonga ufunguo kwenye mguu wa jiko, ndipo naenda kumwamkia. Kwangu ilikuwa heshima. Kwake ilikuwa uthibitisho. Mke wangu akaniita pembeni: "Mama anauliza ulijifunza wapi hayo mambo ya ufunguo."

Aliyeniokoa, kwa muda, ni mzee jirani, Mnorwei, seremala mstaafu. Alikuja kumwona mtoto, akatazama midomo ya mama, akatoka bila neno. Aliporudi alikuwa na kisaa kidogo cha kupima unyevu. Mshale ukaangukia asilimia 14. Akaeleza, nami nikatafsiri: hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri hubeba kama gramu 1 tu ya maji katika mita moja ya ujazo. Ikiingia ndani ikapashwa moto mpaka nyuzi 22, inaweza kubeba gramu 19, na iliyo nayo ni ile ile 1. Basi inakwenda kuyatafuta maji mengine midomoni, puani, kwenye visigino, hata kwenye mbao. Na umeme wa soksi na zulia, ambao hewa yenye unyevu ingeuacha upotee taratibu, unabaki mwilini ukimngoja mama mkwe. Akashauri sufuria ya maji juu ya jiko, ila tusizidishe, madirisha yakilia kuta huota ukungu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie ahsante," akasema. "Na jini likipata maji litatulia?"

Sufuria ikawekwa, akatia na mchaichai. Mshale ukapanda mpaka 19, nyumba ikanukia. Lakini chupa ya mafuta ya nazi aliyokuja nayo ilikwisha, maana tulikuwa tunaipaka wote wanne, na mafuta ya dukani aliyaita maji ya kuoshea vyombo. Akataka kupika mwenyewe. Nazi nilizifuata Trondheim, kwa treni, na mbuzi tulikuwa nayo, ile ya mbao ya kukunja. Ilikuwa imetundikwa ukutani karibu na jiko kama pambo tangu tuhamie.

Vidole vya mama vilikuwa vimechanika, mke wangu bado yuko kwenye arobaini yake. Nani akune? Mama akasema atakuna yeye. Nikasema haiwezekani, mama, nipo. Akasema mwanamume hakalii mbuzi mbele ya mkwewe. Tukavutana kwa adabu mpaka adabu yangu ikashinda. Nikafunga msuli vizuri, nikakaa, nikaanza kukuna nimetazama ukutani, naye amekaa upande wa pili ametazama dirishani, tusionane.

Mbao ile ilikuwa imenyonywa nayo. Pini ya mti iliyoshika miguu ilikuwa imesinyaa ndani ya tundu lake, na hakuna aliyejua. Nilikuwa nazi ya tatu, mama ameshakamua tui la kwanza kwenye bakuli karibu na goti langu, nikaegemea kidogo ili niufikie ukingo wa kifuu. Mbuzi ikafunguka. Nikaenda chali, miguu juu, msuli ukaelekea nisikoweza kuusimulia. Nashukuru baridi ya Norwei: ndani nilivaa suruali ya sufu hadi kwenye vifundo. Mguu ukapiga bakuli, bakuli likaruka, tui lote likatua juu ya jiko.

Moshi ule sijapata kuuona. King'ora cha moshi kikaanza kulia, mtoto akaanza kulia, mama akasimama juu ya kochi akisoma kwa sauti zaidi ya king'ora. Mlango ukafunguka kwa kishindo, mzee jirani akaingia na sepetu iliyojaa theluji, akakanyaga tui, akafika mpaka nilipo kwa kuteleza, akaketi. Theluji ikaniangukia kifuani. Kwa dakika nzima tulikaa sakafuni sisi wawili, mvuke umetuzunguka, hakuna wa kuanza.

"Mshale unasemaje?" mke wangu akauliza kutoka chumbani.

Ulikuwa 41.

Mama akashuka kwenye kochi. Akatazama mikono ya mzee, iliyopasuka kwenye viungo kuliko ya kwake, akachota tui lililobaki kwenye machicha, akamshika akaanza kumpaka kidole kimoja kimoja, huku akimwuliza kwa Kiswahili mke wake yuko wapi asimpake mafuta. Mzee akanitazama nitafsiri. Sikutafsiri.

Aliondoka na vipande vya mbuzi kwapani. Baada ya siku chache akairudisha imekazwa kwa skrubu, na juu ya kikalio amegongomea kipande cha manyoya ili mtu asiumie. Kwa hiyo nyumbani kwetu mbuzi amevaa ngozi ya kondoo, na mama mkwe ametoa amri kwamba mimi nisimkalie tena.