Kila Mtu Mwanza ni Daktari wa Betri

Mwenye Land Rover ya mwaka 1974 katika mji huu hana haja ya kuuliza lolote kuhusu umeme wa gari, kwa sababu majibu humfuata mwenyewe barabarani, na majibu yote ni neno moja: betri. Muuza dagaa wa Kirumba atakuambia betri imekufa. Shemeji aliyekuja kwa ajili ya harusi, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, atagonga boneti kwa kidole na kutamka, "Shemeji, hii ni betri tu." Betri yangu ilikuwa mpya. Ikichajiwa jioni, asubuhi mita ilisoma volti 12.6, na betri yenye kipimo hicho haistahili kusingiziwa kifo.

Wakati wote wa ugonjwa huo wa gari kukataa kuwaka, maisha yangu yalitawaliwa na miteremko. Namshukuru Mungu aliyeijalia Mwanza vilima, maana niliweza kuegesha Isamilo pua ya gari ikitazama chini, nikatia gia ya pili, nikaachia breki na klachi, na injini ikaitika. Lakini rafiki akinialika kwenye hafla, nililazimika kuulizia mwinuko wa kiwanja kabla ya kuulizia chakula. Palipokuwa tambarare niliwategemea vijana wa bodaboda wa kijiwe cha kwetu, waliosukuma kwa moyo mweupe na kwa bei isiyoacha kupanda.

Kilichowachanganya mafundi ni kwamba nikienda Magu kwa mwendo wa kasi nilirudi betri ikiwa imejaa, ilhali nikizunguka mjini na kukaa kwenye foleni ya Buzuruga taa zikiwa zimewashwa, ilikauka. Fundi mmoja alibadilisha mkanda wa feni. Mwingine aligusa alteneta, mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, akabadilisha makaboni yake, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kwa haki yalikuwa yamekwisha, lakini hali haikubadilika. Akaja mzee mwenzangu, fundi wa siku nyingi, akataka kuchomoa kichwa cha betri huku injini ikinguruma, ili aone kama injini itazima. Jamani! Kipimo hicho ni cha enzi za dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia alteneta, ambayo Land Rover nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa nayo. Kwenye alteneta, betri ikiondolewa ghafla volti hupaa na huweza kuunguza daiodi zilizomo ndani, zile zinazoufanya umeme uende upande mmoja tu. Nilimkaribisha chai kwa heshima zote, na kichwa cha betri nikakikaza kwa nguvu ambayo sikujua bado ninayo.

Aliyelimaliza jambo hilo ni kijana mmoja wa Nyakato ambaye hata spana hakushika. Aliwasha swichi bila kuwasha injini, akaitazama dashibodi, akauliza, "Mzee, taa yako nyekundu ya chaji iko wapi?" Haikuwapo. Aliyeniuzia gari aliisifia sana dashibodi hiyo kwamba haiwashi taa hata moja ya tatizo, na alisema kweli tupu, kwa sababu glopu ilikuwa imeng'olewa. Kijana akanieleza kwamba katika alteneta ya aina hii taa ile si pambo: umeme mdogo wa betri hupitia kwenye glopu hiyo ya wati 2.2 na kuingia katika koili ya rota, ile sehemu inayozunguka, nayo ikawa sumaku, ndipo alteneta inapoanza kuzalisha. Glopu ikikosekana, alteneta hutegemea usumaku hafifu uliosalia kwenye chuma, ambao hauamki mpaka injini izunguke kwa kasi ya njia ya Musoma, ile ya kwenda Magu. Makaboni yalipochakaa taa hiyo iliwaka bila kuzima, na mwenye gari wa wakati huo, yule aliyeniuzia, badala ya kununua makaboni, akaona amnyamazishe shahidi.

Glopu yenyewe ilikuwa rahisi kuliko sahani ya sato. Muuzaji aliniuliza gari ni la mwaka gani, nami nilipomtajia akaanza kuniita Babu, ingawa nilipoingia nilikuwa Kaka.

Sasa nikiwasha swichi taa inawaka, injini ikinguruma inazimika, na mita inasoma volti 14.1 hata kwenye foleni. Kiongozi wa wasukumaji wangu alinisimamisha juzi kuniuliza kama nimeuza gari. Nilipomjibu kwamba limepona, aliinamisha kichwa, akanipa mkono na kusema, "Pole sana, Mzee."