Sinema za wakulima wa Ufaransa si za watu wa Paris

Mwandishi wa ile makala ya filamu za wakulima, naona umekosea unaposema hizi filamu za vijijini Ufaransa ni za watu wa mjini kulilia maisha wasiyoyajua, maana filamu ya Au nom de la terre ya 2019 ilijaza kumbi za miji midogo huko mikoani watu karibu milioni mbili wakaiona, Paris ndio haikuvuta watu sana. Wakulima wenyewe walienda na familia zao. Na haikuwa stori ya kutunga tu, dairekta Edouard Bergeon anasimulia ya baba yake mzazi, mkulima aliyezama kwenye madeni mpaka akajiua, sasa mtu kama huyo utamwambia anauza huzuni kweli?

Alafu hiyo ya kusema filamu hizi zinaenda polepole mno, hebu angalia Petit Paysan ya 2017. Jamaa ana ng'ombe wa maziwa, mmoja anaugua, anajua akiripoti serikali itachinja zizi zima, basi anamuua na kumficha usiku, yaani hapo roho inakuwa mkononi kuliko filamu yoyote ya bastola. Hubert Charuel aliyeiongoza ni mtoto wa wafugaji na alishutia kwenye shamba la wazazi wake, ndo maana kila kitu pale kwenye kukamua kinaonekana cha kweli.

Na si zote za vilio jamani, Vingt Dieux ya 2024 ni vijana wa Jura, eneo la mashariki mwa Ufaransa, wanatengeneza jibini, wanapigana, wanapendana, na walioigiza hawakuwa waigizaji wa kazi kabisa. Hiyo hujaitaja hata kidogo na ndio ningeanza nayo.