Mpeni mwanafunzi mashine anayoweza kuiharibu

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinisubiri mlangoni, macho chini. "Mwalimu, nisamehe, nimeiharibu." Alikuwa amefuta saraka ya mfumo kwenye mashine pepe yake ya Linux, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya seva ya shule, ikagoma kuwaka. Kosa la kawaida kabisa la mtu anayejifunza. Lakini kwa tulivyopanga mambo yetu, mwenye uwezo wa kuirudisha mashine ni fundi mmoja tu, na siku hiyo fundi hakuwepo. Kijana akashinda siku mbili akichungulia skrini ya mwenzake.

Iliniuma, kwa sababu nilikuwepo kwenye kikao kilichochagua jukwaa lile, yaani programu ya seva inayoendesha mashine hizo. Tulijadili majina makubwa, tukajadili idadi ya prosesa. Hakuna aliyeuliza, hata mimi sikuuliza: mwanafunzi akiharibu, nani atarudisha?

Kampuni inataka seva zake zisiguswe. Shule inataka ziguswe kutwa, tena na watu ambao bado hawajui wanachofanya. Anayesoma usalama lazima siku moja akosee kanuni za ukuta wa moto, unaochuja mawasiliano ya mtandao, mpaka ajifungie nje mwenyewe. Anayesoma mitandao lazima azipe mashine mbili anwani moja ya IP aone zinavyogombana. Akiwa na hofu ya kuomba radhi kila anapokosea, ataacha kujaribu, atabaki kunakili amri za ubaoni. Basi kila mmoja awe na akaunti yake, aone mashine zake tu, na kwa hizo aweze kuwasha, kuzima, kufungua skrini kwenye kivinjari, kuhifadhi picha ya hali ya mashine kabla ya kuanza kazi na kuirudia mambo yakiharibika. Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Ndiyo maana nasimama na Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe nyingi kwenye seva moja. Imejengwa juu ya Debian, ambayo ni aina ya Linux, na KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe; haidai leseni ili itumike, na ruhusa zake zinagawika vipande vidogo vidogo. Angalieni jambo moja: jukumu lake la kawaida (yaani fungu la ruhusa) la mtumiaji wa mashine, PVEVMUser, linatoa skrini na swichi ya kuwashia, lakini halitoi picha za hali. Tengenezeni jukumu lenu, muongeze ruhusa ya kupiga picha na ya kuirudia. Ni kazi ya dakika chache, na bila hiyo mtarudi palepale kwa fundi mmoja.

VMware, jukwaa jingine la kazi hiyohiyo, ni imara, nakubali, na wahitimu wengi wataikuta kazini. Ila kampuni ya Broadcom ilipokamilisha kuinunua Novemba 2023, uuzaji wa leseni za kudumu ulikoma mwezi uliofuata, mapema 2024 toleo la bure la ESXi, programu yake ya seva, likaondolewa, kisha 2025 likarudishwa. Mtaala wa miaka mitatu hauwezi kuyumba hivyo. Hyper-V ya Microsoft inafaa pale ambapo shule nzima inaishi ndani ya Windows. VirtualBox, inayoendesha mashine pepe kwenye kompyuta ya kila mwanafunzi mwenyewe, inamwacha nyuma yule mwenye kompyuta dhaifu, na huyo ndiye tunayemjengea seva.

Kuhusu vifaa, fanyeni hesabu kabla ya kununua. Wanafunzi 40 wenye mashine za GB 4 wanataka GB 160 za RAM wakiwa kazini kwa pamoja, na RAM haina njia ya mkato ya kutegemea. Kwa Linux isiyo na madirisha, GB 1 kila mmoja inatosha. Diski ndiyo yenye nafuu: ukiandaa kiolezo kimoja na kutoa nakala zinazokiegemea, kila nakala inahifadhi tofauti zake tu. Lakini ziwe SSD, diski za kasi zisizo na sehemu inayozunguka. Darasa zima likiwasha mashine kwa dakika moja, diski ya kuzunguka inayomudu operesheni mia hivi kwa sekunde inakwama, na kipindi kinaisha watu wakitazama skrini nyeusi.

Nilimwomba fundi atuwekee jukumu hilo kwa darasa moja, kwa majaribio. Leo asubuhi kijana yule ameiharibu mashine yake mara tatu kabla ya mapumziko. Hakuja mlangoni kwangu. Mara ya tatu alikuwa anamwonyesha mwenzake inavyofanyika.