Foleni Ndiyo Inayokula Kipindi cha Michezo

Shule nyingi za Eastlands, Nairobi, zimebanwa katikati ya magorofa. Uliza kwa nini watoto hawachezi na utaonyeshwa ua: zege, tangi la maji, basi. Uwanja hakuna, ni kweli. Lakini hata kwenye shule zenye nyasi, watoto wengi husimama tu wakisubiri zamu.

Piga hesabu. Watoto 48 wamepangwa mistari minne kwa mbio za kupokezana, kwenda na kurudi ni sekunde 15. Kila mstari una watoto 12, kwa hivyo zamu hurudi baada ya dakika tatu. Ukitoa muda wa kubadilisha nguo na kupanga mistari, kipindi cha dakika 35 hubaki na kama 20 za mchezo. Mtoto atakimbia mara sita au saba, hata dakika mbili hazifiki. Wagawe haohao katika mistari 12 ya watoto wannewanne, na kila mmoja atakimbia dakika tano. Hapo hujaongeza hata shilingi. Bado ni kidogo, maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za kumfanya mtoto ahemewe, lakini tofauti ni kubwa.

Kati, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, nayo ina dosari yake: anayegongwa hutoka, na anayetoka kwanza ni yule mzito wa kukwepa, ndiye hasa tuliyetaka asonge. Badilisheni kanuni. Aliyegongwa aruke mara kumi pembeni, kisha arudi ndani.

Mpira mmoja kwa darasa zima ni mchezo wa wavulana sita na watazamaji. Shoneni mipira minne ya matambara. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, mipira ya juala, yaani ya mifuko hiyo, imeadimika, na kwa ua mdogo sioni hasara: wa matambara haudundi sana, hauvuki ukuta wala kuvunja dirisha la jirani.

Kamba ndefu ya kuchezeshwa na wawili hurudisha foleni. Afadhali fupi, moja kwa watoto wawili, mmoja akiruka mwenzake akihesabu. Mtoto akanyage katikati, ncha zifike kwapani. Ikizidi hapo itamnasa miguuni. Nailoni nyembamba ni nyepesi mno, haizunguki. Tafuteni ya unene wa kidole kidogo.

Mapumziko pia yagawanywe. Watoto 400 wakimwagwa kwenye ua mmoja hawakimbii, wanasukumana. Gredi za chini zitoke kwanza, za juu baadaye. Mvua za Machi hadi Mei zikilowesha zege, msiwatoe, huteleza vibaya. Dakika tano za kuchuchumaa na kukimbia papo hapo kando ya dawati zinatosha kati ya vipindi viwili.

Kuna wizi mwingine ambao kamba haiuponyi: Hisabati kuchukua kipindi cha michezo Gredi ya Sita, KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi hiyo, ikikaribia. Na adhabu ya kuzunguka ua raundi kumi ikome, kwani humfundisha mtoto kuchukia kukimbia.

Mwalimu mkuu akitaka kukagua, asiangalie ratiba. Amchague mtoto mmoja, amtazame dakika tano, ahesabu sekunde alizosonga. Na asimchague mshambuliaji.