Mtindo wa Kimaya Upi, Jamani?

Tangazo jingine hilo: "blauzi ya mtindo wa Kimaya, imefumwa kwa mkono". Ukiikuza picha, ni poliesta iliyopigwa chapa. Na huo mtindo wa Kimaya ni wa kijiji gani? Huipili, yaani blauzi ya jadi ya wanawake wa Kimaya, ya Chichicastenango nchini Guatemala huzungushiwa miale ya jua shingoni, na viduara vinne vya kitambaa cha tafeta nyeusi: kifuani, mgongoni na mabegani. Ya Santa Catarina Palopó, kando ya ziwa Atitlán, imekolea samawati. Ya Cobán ni nakshi nyeupe juu ya nyeupe, nyepesi kama chandarua. Mpiga chapa kazikoroga zote kwenye shati moja.

Huipili za namna hii hazikatwi kwenye jora. Ncha moja ya mtande, zile nyuzi za urefu, hufungwa kwenye nguzo, nyingine kwenye mkanda unaopita nyuma ya kiuno cha mfumaji aliyepiga magoti. Akiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Akiinama mbele, zinalegea. Upana wa kitambaa hauzidi mikono yake inapofika, ndiyo maana huipili nyingi ni vipande viwili au vitatu vilivyounganishwa. Nakshi huingizwa kwa vidole, mshindio kwa mshindio, yaani uzi wa kukingama mmoja baada ya mwingine, huku akihesabu nyuzi za mtande. Akikosea hesabu, afumue.

Kazi ngumu iko mwishoni. Kipande cha namna hii kina pindo nne, hakuna uzi uliokatwa. Zikibaki sentimita chache, ubao wa kushindilia haupiti tena. Anatumia vijiti vyembamba zaidi na zaidi, kisha sindano, uzi mmoja mmoja. Hapo hubaki utepe mdogo ambao ufumaji wake umelegea au nakshi zimebanana. Wajuaji wa mitandaoni huuita kasoro! Kasoro halisi ni nyingine: mkazo usipokuwa sawa, kingo huingia ndani kama kiuno cha kibuyu, vipande viwili vikishindiliwa kwa nguvu tofauti, nakshi hazikutani kwenye mshono, na mkasi hauokoi kitu.

Haya, nakubali: wanawake wa Kimaya wenyewe hununua za kutariziwa kwa mashine, hata za chapa, kwa sababu iliyofumwa kwa mkono huchukua miezi na bei yake inafuata. Sina ugomvi na mama anayenunua anachomudu. Ugomvi wangu ni na anayeuza chapa kwa jina la mfumaji. Wafumaji wa Guatemala walilifikisha suala la haki yao ya pamoja juu ya nakshi hizi Mahakama ya Katiba mwaka 2016.

Na nyie mnaokata huipili kuukuu mshone mikoba, mmeshaziua pindo zote nne.

Basi igeuze huipili ndani nje kabla hujatoa pesa. Ya San Antonio Aguas Calientes nakshi zake hufanana pande zote mbili. Kwingine utaona nyuzi zilizorukaruka. Ukikuta mbele maua na ndege, nyuma peupe kabisa, muulize muuzaji mfumaji alipitishia wapi uzi.