Ubingwa wa Atbara na wenzetu wa El Obeid

Hapa Ruangwa jina la El Obeid, mji wa Sudan, lilitufikia kwa njia ya mpira. Msimu wa 2020/21 timu yetu ya Namungo iliitoa Al Hilal ya mji huo kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, na kwa siku kadhaa kijiweni kila mnywa kahawa akawa mtaalamu wa Sudan. Tarehe 15 Aprili 2023 vita kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF vikalipuka Khartoum. Ligi ikasimama, na El Obeid ikaja kuzingirwa hadi Februari 2025.

Julai 2025 mpira ukarudi, kwa kuungaunga. Timu nane zilikusanywa Atbara na Ed Damer, miji ya kaskazini iliyo mikononi mwa jeshi, na Al Hilal nyingine, ile ya Omdurman, ikatwaa ubingwa wa nchi. Mwezi huohuo El Fasher, kule Darfur, ilikuwa na zaidi ya mwaka ndani ya mzingiro, watu wakila mashudu, chakula cha mifugo.

Je, ilifaa kucheza?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mguu wa mchezaji hausubiri mapatano. Al Hilal yenyewe ilipata pa kujishikiza: mechi zake za nyumbani za Ligi ya Mabingwa 2023/24 ilizichezea Dar es Salaam, kisha 2024/25 ikaingia ligi ya Mauritania pamoja na Al Merrikh. Lakini hao ni vigogo. Timu ndogo hazina nauli ya uhamishoni. Kwao ni Atbara au kukaa bure. Ukraine nao walirudi uwanjani Agosti 2022, bila mashabiki. Mechi ya Rukh na Metalist ilikatizwa na ving'ora mara kwa mara, ikamalizika baada ya saa nne na nusu hivi. Hakuna aliyewaona wapuuzi.

Ila mfano wa Ukraine unanipa shida. Kule adui alitoka nje ya mpaka. Sudan wanapigana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo hata kuchagua uwanja ni kuchagua upande. Picha ya kombe likiinuliwa Atbara inawaambia watu kwamba serikali ipo na nchi imetulia, na mtu wa Nyala, mji wa Darfur ulio mikononi mwa RSF, hamo pichani.

Kwangu mimi wachezaji walistahili mechi. Kilichozidi ni lile jina, bingwa wa Sudan. Mauritania walilijua hilo: Al Hilal ilimaliza kileleni mwa ligi yao, lakini ubingwa rasmi ukabaki kwa Nouadhibou, klabu ya hukohuko. Mgeni alipewa mpira, kombe likakaa kwa wenyeji. Atbara nayo ingeweza kuitwa mashindano ya Atbara, na tiketi ya Afrika ikatoka hapohapo.

Najua ni rahisi kusema hivyo nikiwa mbali. Oktoba 2020 wavamizi kutoka ng'ambo ya Ruvuma waliingia Kitaya, mkoa wa Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Ligi Kuu ilikuwa inaendelea, Namungo ikiwemo. Kijiweni tulizungumza Kitaya asubuhi, jioni tukarudi kwenye msimamo wa ligi, na sikumsikia yeyote, mimi nikiwemo, akiuliza kama ilifaa kucheza.